TAHARIRI: Ahadi ya Balfour Haikuandikwa na Nyota

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyeziumba mbingu na buruji zake, akalipa jua mwendo wake na mwezi vituo vyake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tarehe 2 Novemba 1917, sawa na mwezi wa Muharram 1336 Hijria, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Arthur James Balfour, alimwandikia Lord Rothschild barua fupi. Ahadi iliyomo ndani ya barua hiyo ina maneno 67 tu ya Kiingereza. Kwa maneno hayo serikali ya Uingereza iliahidi kusaidia kuanzishwa makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, nchi ambayo wakati huo haikuwa mali ya Uingereza, na ambayo katika kila wakazi wake 10, takribani 9 walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo. Wakazi hao hawakutajwa kwa jina lao. Waliitwa jamii zisizo za Kiyahudi, wakaahidiwa haki za kiraia na za kidini. Haki ya kujitawala haikutajwa kabisa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walitoka au walitolewa majumbani mwao, na wengi wao hawakurudi. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 vimeua makumi ya maelfu ya watu katika Gaza. Muislamu anayesikia habari hizi msikitini hana budi kuuliza: mambo haya yalianzaje? Swali hilo ni zuri, na ni wajibu kulijibu. Lakini kuna jibu moja ambalo limekuwa likipita katika mabaraza na katika simu za vijana, na ndilo lililotufanya tushike kalamu mwezi huu. Nalo ni jibu la wanajimu.

Wanajimu wana tawi zima la fani yao linaloshughulikia mataifa, wafalme na mikataba. Huichukua siku ya tukio kana kwamba ni siku ya kuzaliwa mtoto, wakachora ramani ya mbingu ilivyokuwa saa ile, kisha wakaagulia. Kwa barua ya Balfour, watakuonyesha kwamba siku ile jua lilikuwa katika burji ya Akarabu, yaani Nge, na sayari ya Zuhali ilikuwa katika burji ya Asadi, yaani Simba. Akarabu kwao ni burji ya siri, ya mauti na ya sumu. Asadi ni burji ya wafalme. Zuhali ni nyota ya dhiki na ya mambo marefu yasiyokwisha. Basi, husema, ahadi ile ilizaliwa na sumu mkiani, na damu yote iliyomwagika tangu hapo ilikuwa imekwisha kuandikwa angani kabla Balfour hajachovya kalamu yake.

Maneno haya yana ladha, na mtu aliyechoka kwa huzuni huyapokea upesi. Sisi tunayakataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yanagusa tauhidi, kwa kuwa yanawapa viumbe elimu ya ghaibu na uwezo wa kuendesha mambo. Ya pili, ambayo husahauliwa, ni kwamba yanamfutia deni mdaiwa. Ahadi ni kitendo cha mwanadamu mwenye akili na hiari. Ukisema ni nyota iliyoahidi, basi hakuna aliyeahidi, na hakuna wa kuulizwa.

Tuanze kwa kuipima hoja ya wanajimu kwa mizani yao wenyewe.

Mnajimu hawezi kufanya kazi bila ya saa. Ni lazima ajue jambo limezaliwa lini. Je, ahadi ya Balfour ilizaliwa lini? Rasimu ya kwanza iliyopelekwa serikalini na Lord Rothschild ni ya Julai 1917. Rasimu hiyo ikabadilishwa mara kadhaa baina ya Agosti na Oktoba. Neno likaongezwa, neno likapunguzwa. Baraza la Vita la Uingereza likapitisha maneno ya mwisho tarehe 31 Oktoba. Barua ikaandikwa tarehe 2 Novemba. Umma wa Uingereza ukaisoma katika gazeti la The Times tarehe 9 Novemba. Ipi kati ya siku hizi ndiyo siku ya kuzaliwa? Mnajimu huchagua ile inayompa ramani anayoitaka. Mtu anayelijua jibu kabla ya kupiga hesabu hana haja ya hesabu.

Kuisaka saa njema si jambo geni kwetu sisi wa njia ya zamani ya misafara. Watu waliokwenda na misafara baina ya pwani, Unyanyembe na Ujiji walikuwa na desturi ya kutazamia kabla ya kuondoka, na mganga au mwenye kitabu ndiye aliyewachagulia siku. Kabla yao, Khalifa al-Mansur alipoijenga Baghdad mwaka 145 Hijria, sawa na 762, aliwaamuru wanajimu wamchagulie saa ya kuweka msingi, na miongoni mwao walikuwamo mabingwa wakubwa wa zama zile, Nawbakht na Mashaallah. Saa ikachaguliwa kwa ustadi wote uliokuwapo duniani. Mwaka 656 Hijria, sawa na 1258, Hulagu akaingia Baghdad, akamuua khalifa na kuuangamiza mji. Saa njema ya msingi haikuzuia ukuta kuvunjwa, kwa sababu kinachoulinda mji ni nguvu, uadilifu na umoja wa watu wake baada ya idhini ya Allah.

Sasa tuitazame mbingu ya tarehe 2 Novemba 1917 yenyewe. Siku hiyo hiyo, huko Washington, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Robert Lansing, na mjumbe wa Japani, Ishii Kikujiro, walibadilishana hati za makubaliano kuhusu China. Nayo ilikuwa ahadi ya kidiplomasia ya mataifa makubwa. Nayo ilizungumzia nchi ya watu wengine ambao hawakuitwa mezani. Jua lilikuwa katika Akarabu ile ile na Zuhali katika Asadi ile ile. Je, makubaliano hayo yaliishi zaidi ya karne? La. Yalifutwa Aprili 1923, hayakutimiza hata miaka 6, na leo ni wachache wanaoyakumbuka. Ikiwa nyota ndizo zilizoipa barua ya London umri na sumu yake, mbona hazikuipa hati ya Washington?

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Baraza la Shirikisho la Mataifa lilipokutana London Julai 1922, lilipitisha hati za udhamini wa nchi zilizotwaliwa vitani. Tarehe 20 Julai lilipitisha udhamini wa Tanganyika. Tarehe 24 Julai likapitisha udhamini wa Palestina. Siku 4 tu! Katika siku 4 Zuhali haisogei hata nyuzi moja. Nchi zote mbili zilikabidhiwa kwa Uingereza ile ile. Lakini ndani ya hati ya Palestina yaliingizwa maneno ya Balfour, na mtawala akapewa jukumu la kuyatimiza. Hati ya Tanganyika haikuwa na sharti la namna hiyo. Ukoloni ulitutesa sisi pia, ila hakuna taifa jingine lililokuwa limeahidiwa makao ya kitaifa katika ardhi hii. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Palestina ikagawanywa. Tofauti ya nchi hizi mbili imo katika karatasi, na kila mwenye macho anaweza kuisoma.

Na tukitaka kuonyesha jinsi unajimu unavyoweza kumpumbaza mtu, tutaje hili: Jerusalem iliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza tarehe 9 Desemba 1917, na uhuru wetu ni tarehe 9 Desemba. Mnajimu akiligundua jambo hili ataandika kitabu kizima. Siku moja ya mwaka, jua mahali pamoja. Mji mmoja unatekwa na nchi nyingine inakombolewa. Siku hazina ubaya wala wema wa nafsi yake. Ni vyombo tu, na wanadamu ndio wanaovijaza.

Basi ni nini kilichoizaa ahadi ile? Historia imeliweka wazi jambo hili. Mwaka 1917 Uingereza ilikuwa katika vita vikali na ilihitaji marafiki. Viongozi wake waliamini kwamba ahadi hiyo ingewavuta Wayahudi wa Marekani na wa Urusi waunge mkono vita. Walitaka pia nchi iliyo jirani na Mfereji wa Suez iwe mikononi mwa watu watakaowategemea. Wako miongoni mwao walioisukumwa na imani zao za dini. Na Chaim Weizmann, mwanakemia aliyelisaidia jeshi la Uingereza kwa elimu yake, alikuwa amefanya kazi ya miaka mingi kuwashawishi. Haya yote ni mambo ya tamaa, hofu, hesabu na juhudi.

Tena wamo serikalini waliopinga. Edwin Montagu, ambaye alikuwa Myahudi pekee katika baraza la mawaziri wakati huo, aliipinga ahadi ile kwa nguvu zake zote. Lord Curzon aliuliza, kwa maandishi, hao wakazi wa Palestina watafanywa nini. Tunalitaja hili kwa makusudi, ili msomaji asije akaigeuza dhulma ya serikali kuwa chuki kwa kila Myahudi, maana Qur'ani inatuamrisha katika Suratul Maida kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Na tunalitaja kwa sababu jingine: panapokuwa na mtu anayepinga, ni dalili kwamba njia nyingine ilikuwapo. Nyota haishindani na hoja wala haipigiwi kura. Wale waliokuwa mezani walisikia onyo, wakachagua.

Kadhalika, ahadi ile haikuwa peke yake. Baina ya Julai 1915 na Machi 1916 mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, Sir Henry McMahon, aliandikiana na Sharifu Hussein wa Makka, akamwahidi kuunga mkono uhuru wa Waarabu iwapo watawapiga vita Waturuki. Waarabu walielewa kuwa Palestina imo. Waingereza baadaye wakadai haimo. Mei 1916 Uingereza na Ufaransa zikaafikiana kwa siri kugawana nchi hizo hizo, na Palestina ikatengewa utawala wa kimataifa. Ardhi moja, ahadi tatu. Mtu wa Urambo akiliuza shamba moja kwa watu watatu, hatuendi kumtazamia nyota yake. Tunampeleka mbele ya kadhi au hakimu. Na Balfour mwenyewe, katika waraka wa Agosti 1919, alikiri kwamba hawakukusudia hata kuwauliza wakazi wa Palestina wanataka nini.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi mwingine. Mwaka 1903, Balfour akiwa Waziri Mkuu, serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Kizayuni pendekezo la kuwapatia ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo Kenya. Mpango ule ukaitwa wa Uganda, kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa za Uganda hadi 1902. Mkutano Mkuu wa Kizayuni uliofanyika Basel mwezi wa Agosti 1903 ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma watu wakaitazame nchi. Wakaja, wakatazama, wakarudi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukalikataa pendekezo. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa, kama wasivyoulizwa baadaye wale wa Palestina. Lakini ahadi ya 1903 ilikufa kwa sababu watu waliketi, wakajadili, wakakataa. Laiti ingekuwa mambo haya huamuliwa na sayari, kura ile ingekuwa na kazi gani?

Ndugu Waislamu wa Urambo, sisi tunazijua ahadi za wakubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na mji wetu ukawa moja ya vituo vitatu vyake vya Tanganyika, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Uliahidi kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 25. Mwaka 1951 ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Wazee wetu hawakusema kwamba karanga zimeuawa na Mirihi. Walisema matrekta yalikuwa chakavu, kazi ilifanywa kwa pupa, udongo na mvua havikupimwa kwanza, na wenyeji waliojua ardhi hawakusikilizwa. Hukumu hiyo ni ya watu wenye akili timamu. Kwa nini basi tuwe na akili kwa karanga, tuipoteze kwa Palestina?

Na majirani zetu wa Ulyankulu, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Urambo kabla ya kuundwa Wilaya ya Kaliua, ni ushahidi wa upande wa pili. Walikuja wakiikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Kwa zaidi ya miaka 30 walizaa na kulea wakiitwa wakimbizi. Kisha serikali ya Tanzania ikaamua kuwapa uraia, na kuanzia mwaka 2014 vyeti vikatolewa. Watu takribani 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walihusika na uamuzi huo. Kalamu ya mwanadamu inaweza kumfanya mtu mkimbizi, na kalamu ya mwanadamu inaweza kumwondolea ukimbizi. Anayeyajua haya hawezi kukubali aambiwe kwamba mkimbizi wa Gaza au wa Lebanon amefungwa na Zuhali.

Tuje sasa katika dini yetu. Ni ajabu ilioje kwamba somo la nyota na somo la ahadi Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Masahaba mahali pamoja, navyo ni Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria!

Amepokea Zayd bin Khalid al-Juhani (R.A.), na hadithi hii imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba mvua ilinyesha usiku wakiwa Hudaybiya. Baada ya sala ya Alfajiri, Mtume (S.A.W.) aliwageukia watu akawafahamisha aliyoyasema Mola wao: kwamba kumepambazuka na baadhi ya waja wakiwa waumini na baadhi wakiwa makafiri. Aliyesema tumenyeshewa kwa fadhila za Allah na rehema zake, huyo anamuamini Allah na anaikanusha nyota. Aliyesema tumenyeshewa kwa nyota kadhaa wa kadhaa, huyo anamkanusha Allah na anaiamini nyota.

Na katika safari ile ile ulifungwa mkataba wa amani wa miaka 10 baina ya Waislamu na Makuraishi. Masharti yake yalikuwa mazito. Abu Jandal (R.A.) alifika akiburuta minyororo, akiomba hifadhi, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha kwa sababu neno limekwisha kutoka. Masahaba walilia. Hakuna aliyeambiwa kwamba saa ilikuwa mbaya. Waliambiwa wasubiri, na kwamba Allah atampa Abu Jandal na wenzake faraja. Kisha, mwaka wa 8 Hijria, Banu Bakr waliokuwa upande wa Makuraishi waliwashambulia Khuzaa waliokuwa upande wa Mtume (S.A.W.), na Makuraishi wakawasaidia washambuliaji. Mtume (S.A.W.) akaihesabu hiyo kuwa ni kuvunja ahadi. Akaenda Makka na jeshi la watu 10,000, Makka ikafunguliwa. Mkataba ulipofungwa uliheshimiwa, ulipovunjwa mvunjaji aliulizwa. Huo ndio utaratibu wa Kiislamu katika diplomasia, na hakuna mahali pa mnajimu ndani yake. Allah (S.W.) amesema katika Suratul Israa kwamba ahadi itaulizwa. Hakusema nyota itaulizwa.

Hatukatai elimu ya falaki ya hesabu. Kwa elimu hiyo tunajua nyakati za sala, upande wa kibla na mwandamo wa mwezi. Tabii Qatada (R.H.) alieleza kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, silaha ya kuwafukuzia mashetani, na alama za kuongozea njia, na mwenye kuzitafutia jingine amekosea. Mkulima akikitazama Kilimia ili ajue msimu umekaribia, ameitazama alama. Lakini akisema Kilimia ndicho kinachoshusha mvua, ameigeuza alama kuwa mungu. Na alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (S.A.W.), naye yumo katika majonzi ya mwanawe, akawakataza, akawafunza kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Kama mbingu haikuingizwa katika msiba wa nyumba ya Mtume, haitaingizwa katika barua ya Balfour.

Huenda msomaji akauliza: je, si kila kitu ni kadari ya Allah? Ndiyo, na hiyo ni nguzo ya imani. Lakini elimu ya kadari iko kwa Allah peke yake, na mnajimu anayedai kuisoma angani anadai asichopewa. Tena kadari haimwondolei mtu dhima. Umar bin al-Khattab (R.A.) alipouepuka mji uliokuwa na tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Mwizi hawezi kujitetea kwa kadari mbele ya kadhi. Basi na dola haiwezi.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba ugonjwa huu umo ndani ya safu zetu. Miaka ya 1990 kilichapishwa kwa Kiarabu kitabu kilichokusanya hesabu za herufi na maneno ya Qur'ani, na kutokana nazo kikautaja mwaka 2022 kuwa ni mwaka wa kuondoka dola ya Israeli. Mwandishi aliuliza kama hiyo ni bishara au ni sadfa ya namba. Wasomaji wengi hawakuliona swali. Waliuona mwaka tu. Wakauhesabu, wakaupigia hutuba, wakaungojea. Mwaka 2022 ukaja, ukapita. Tujiulize ni kijana gani aliyeacha kujisomea historia, sheria au lugha za dunia kwa sababu aliambiwa kuwa kazi itamalizwa na namba? Na ni wangapi waliingiwa na shaka juu ya Qur'ani yenyewe ilhali Qur'ani haina kosa lolote katika jambo hilo?

Hapo ndipo hasara ilipo. Anayeamini kwamba dhulma imeandikwa angani hukunja mikono kwa kukata tamaa. Anayeamini kwamba mwisho wake umeandikwa kwa tarimu hukunja mikono kwa kungoja. Wote wawili wamekunja mikono, na mwenye kudhulumu hana furaha kubwa kuliko hiyo.

Hali ya kuwa mambo ya wanadamu hubadilika kwa wanadamu kutenda. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 kwa uamuzi, na ikaurudisha mwaka 1995 kwa uamuzi. Uingereza, ile ile iliyoandika barua ya 1917, ilitangaza tarehe 21 Septemba 2025 kuitambua Dola ya Palestina. Hatusemi kwamba tangazo hilo limelipa deni. Nyumba zilizobomolewa hazijengwi kwa tangazo. Tunasema tu kwamba liliandikwa na watu, baada ya watu kudai miaka mingi, na kwamba mwandishi wa deni anaweza kudaiwa hata baada ya miaka 108.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu wa madrasa mambo haya. Ikitajwa Palestina juu ya mimbari, yasomwe yaliyomo katika ahadi ile, yatajwe majina na tarehe, watoto wajue nani aliahidi nini, kwa nani, na juu ya mali ya nani. Mwenye kuleta karatasi za nyota msikitini arudishwe kwa upole na kwa dalili. Akumbushwe hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi. Dua kwa ajili ya wanaodhulumiwa isikatike, kwani dua ni kitendo, na ni silaha ya muumini.

Na kila mmoja wetu aanze na ahadi yake mwenyewe. Yuko aliyekopa fedha za pembejeo akaahidi kulipa tumbaku ikiuzwa. Yuko aliyeahidi mahari. Yuko aliyepewa shamba la mayatima alitunze. Hao wote wana Hudaybiya yao. Umma unaotaka dunia iulizwe kuhusu ahadi ya mwaka 1917 hauna budi uwe umma ambao ahadi zake za soko la jana zinatimizwa leo. Tusipofanya hivyo, maneno yetu yatakuwa mepesi mizanini, na wala hatutakuwa na nyota ya kuitupia lawama.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuthibitishe katika tauhidi, atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi, na awanusuru wanaodhulumiwa popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.